Mashine Chini ya Tabaga

Upo uchoyo wa watu wema ambao mimbari haziukemei: uchoyo wa kukitunza kitu hadi kishindwe kufanya kazi ambayo kilinunuliwa kuifanya. Bahili wa fedha tunamcheka hadharani. Lakini mama anayefungia vikombe vyake kabatini kwa ajili ya mgeni asiyefika, anayeacha nailoni ya dukani juu ya viti hadi viti vikazeeka kabla ya kukaliwa, huyo tunamsifu. Tunamwambia kitunze kikutunze, na tunarudi nyumbani kuiga mfano wake. Mwezi uliopita nilikwenda Silanga, kule chini kabisa Kibera inakopakana na bwawa, kwenye arobaini ya Bi Zamzam, nikaletewa chai ya tangawizi katika kikombe cheupe chenye ukingo wa dhahabu. Nilikitambua papo hapo. Nilikuwa nimekitazama kupitia kioo mwaka mzima wa ujana wangu, na sikuwahi hata mara moja kukiona kikitiwa kitu. Wanawake waliokaa mkekani karibu nami walikuwa wakivigeuza vikombe vyao kutazama alama iliyo chini, na mmoja wao, bibi wa makamo aliyevaa gurbaba ya zambarau, lile vazi la kujifunga la wanawake wa Kinubi, akasema kwa sauti ambayo hakukusudia ivuke mkeka, "Wallahi, mpaka mwenyewe aondoke ndipo sisi tunywee hivi." Wenzake wakacheka puani, wakamfinya. Mimi nilikiweka kikombe chini na sikuweza kukimaliza.

Mariam, binti yake wa pekee, alikuwa ameegemea ukuta akiwatazama wanaume waliokuwa wakisoma dua uani. Niliketi ubavuni mwake nikampa pole kwa maneno niliyoyapanga njia nzima kutoka Kawangware. Hakugeuka. Maneno yangu yalipita kana kwamba yamesemwa katika chumba kingine. Ndipo nikakumbuka kwamba sikio lake la kushoto halisikii, nikakumbuka pia kwa nini halisikii, nikahamia upande wa kulia na kuanza upya. "Asante, Mwalimu," akasema, "umekuja mapema leo." Hakuwa na kinyongo. Ni mimi niliyelisikia lile neno mapema likinichoma, kwa kuwa iko siku moja ambayo mimi, mashine, na kila kitu kilichowekwa tayari kwa upendo mkubwa, tulichelewa.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha. Nilipanga chumba Kawangware, chumba kimoja cha mabati kilichogawanywa na pazia, upande huu kitanda na vitabu, upande ule stovu ya mafuta na ndoo mbili za maji. Jioni nilikula mchele na maharagwe nikiwa nimeketi kitandani, na kupitia mabati nilimsikiliza jirani yangu akizozana na mumewe kuhusu simu. "Wewe huongea na hiyo simu kuliko vile unaongea na mimi." "Simu hainijibu vibaya." "Haya, ngoja chaji iishe, tuone kama itakupikia ugali." Nilitabasamu nikawaona watu wa kuhurumiwa, kwa vile nilijihesabu miongoni mwa walioelimika, na nilidhani kwamba mimi nimeshika kiwango kinachofaa kati ya mtu na chombo chake. Mariam tulifahamiana chuoni. Likizo zote mbili za mwisho nilizimaliza kwao Silanga, nikila gurusa, ile mikate myembamba kama chapati za maji, za moto kwa mchuzi wa bamia, nikizifunua kutoka chini ya tabaga, lile kawa la rangi ambalo wanawake wa Kinubi hulisuka kwa mikono kufunikia chakula cha heshima. Alipopata kazi ya nyumbani katika mji mmoja wa Ghuba, alikuja Kawangware kuniaga, akaketi palepale kitandani, akatoa mfukoni kisanduku cheusi kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia.

"Hii ni waifai ya mama, ya ile simu kubwa niliyomwachia," akasema. "Inawekwa laini ya simu ndani, halafu inasambaza mtandao nyumba nzima. Kule kwetu chini simu hushika mtandao ukisimama nje tu, na mama hawezi kusimama nje kwa matope akinitafuta. Mimi sitakuwa na laini. Watanipa waifai ya nyumba yao, basi. Nikipata nafasi ni mimi nitapiga. Kazi yako ni moja tu, Mwalimu: isizime." Nikamwahidi. Kazi yenyewe nilidhani ni ndogo. Kutoka Kawangware ningeinunulia mashine bando kwa simu yangu, ningepiga kuuliza kama taa inawaka, na Jumamosi ningeshuka Silanga kuikagua. Vijana wa siku hizi, wanaoangalia kamera za mashamba ya wazazi wao wakiwa vitandani, hawatajua jinsi nilivyojiona mhandisi.

Nyumba ya Bi Zamzam ilikuwa ya mwisho kabla ya bustani za sukumawiki zinazoteremka hadi bwawani. Vyumba vilizunguka ua; alivipangisha vyote isipokuwa viwili, na kile cha mbele ndicho kilichokuwa sebule: viti vinne chini ya nailoni, zulia lililokunjwa na kuegemezwa ukutani ili lisikanyagwe, na kabati la kioo lenye kufuli. Siku ya kwanza nilizunguka na ile mashine mkononi kama mtu anayetafuta maji kwa kijiti, nikagundua kwamba mtandao unashika vizuri zaidi kwenye dirisha linaloelekea bwawa. Nikaiweka hapo, ubaoni, penye upepo. Jumamosi iliyofuata sikuikuta. Bi Zamzam alinionyesha kabati kwa kidevu, akiwa na fahari iliyojificha vibaya. Ndani, katikati ya vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, mashine ililazwa juu ya kitambaa cha kufuma, imefunikwa kitambaa kingine, na juu yake limesimama tabaga jekundu na kijani alilolisuka yeye mwenyewe. "Mwanangu," akaniambia, "kitu cha Mariam kikae dirishani kama sufuria inayokauka? Mpita njia atasema nini?"

Ningesema nini? Nilijua kwamba mawimbi hayo hupenya kioo, na nilipojaribu simu nikaona mtandao umepungua kidogo tu. Nikalisifu tabaga. Kufuli pia nililisifu, nikaona limenisaidia, maana uani kulikuwa na wapangaji, na mimi nilikuwa na hofu ya msomi kuhusu watu wasio na chao: kwamba watainywa bando yote kwa siku moja. Niliweka neno la siri refu, lenye tarakimu na herufi, nikamwambia Bi Zamzam asilitaje kwa mtu. Wapangaji hawakukasirika. Waliligeuza utani, na huo ndio ulionikera zaidi. Fundi wa viatu aliyefanyia kazi mlangoni mwake, aliyejaa ucheshi kama vile mwingine anavyojaa pombe, alikuwa akiniona naingia na kupaza sauti: "Mwalimu, sasa! Umekuja kuona mgonjwa?" Ua wote ukajua mashine inaitwa Mgonjwa. "Mgonjwa bado amelazwa," walijibizana. "Anakunywa uji?" "Aah, haruhusiwi wageni, hata pastor alirudishwa."

Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mpangaji wa chumba cha kona, mchuuzi wa omena, mwanamke mnene mwenye asili ya kule ziwani, ambaye kila mtu alimwita Mama Brayo. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka na mgongo uliofungwa kwa mpira wa kiunoni. Ilinuka omena. Ilikuwa ikizunguka uani siku nzima: huyu anampigia mamake, yule anamtumia dada picha, mtoto anaangalia katuni huku amejibanza kwenye ndoo, na mwenyewe akiitaka huita tu, "Nani ako na simu ya serikali?" Nilipokuwa nikipita siku moja aliniuliza, macho yakimcheka, "Mwalimu, hiyo pasiwadi yenu ni nini? Ni jina la malaika?" Nikamjibu kwamba siri ikitajwa si siri. "Sawa, mwalimu wetu," akasema akipepeta samaki wake. "Basi tutaipata mbinguni." Nilimhesabu katika wale wasioelewa thamani ya kitu. Niliitazama simu yake kwa karaha, nikasahau kwamba haikuwahi kupumzika hata siku moja kwa kukosa kazi.

Mwezi wa pili, joto lilipokaza, mashine ilianza kuzima mchana. Mariam aliniandikia kwamba amepiga mara mbili na mama hapatikani. Nikampigia Bi Zamzam kwenye kabambe, ile simu yake ndogo ya vitufe.

"Mama, taa ya mashine inawaka?"

"Ngoja nichukue funguo." Alikuwa amezifunga kwenye pindo la leso. Nikasikia kabati likifunguliwa, tabaga likiwekwa mezani. "Ngoja nivae miwani. Hapa ndani giza, naipeleka mlangoni."

"Ibonyeze kile kitufe, mama."

"Nimebonyeza. Inawaka, mwanangu. Kijani kizuri."

Ndivyo ilivyokuwa kila mara. Kila nilipouliza, mashine ilikuwa nzima, kwa sababu ili kunijibu ilimbidi aivue nguo zake na kuipeleka penye hewa. Akishakata simu aliirudisha, akaifunika vizuri kuliko mwanzo, kwa vile sasa alijua ni dhaifu. Hakuwahi kunitajia vitambaa, nami sikuwahi kuuliza. Katika nyumba zetu nani hutaja kitambaa? Redio ina kitambaa, kiti kina kitambaa, jagi la maji lina chake chenye shanga. Kukiacha kitu uchi sebuleni ndilo jambo ambalo lingesemwa. Nililaumu kampuni ya simu. Nililaumu waya za umeme zilizoning'inia juu ya uchochoro. Mwishowe nikawalaumu wapangaji, nikabadilisha neno la siri, na nilipotoka fundi wa viatu akauliza, "Mgonjwa amebadilishiwa dawa?"

Kisha, mwanzoni mwa mwezi wa tatu, ukaja ujumbe wa Mariam ambao bado naweza kuukariri. Mkataba wake wa majaribio wa miezi miwili ulikuwa umekwisha na alitaka kurudi nyumbani. Mwajiri wake, mwanamke mzee mcha Mungu, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na desturi yake. "Bibi amesema hamkabidhi mtoto wa mtu kwa wakala. Anataka amwone mama yangu kwa macho na amsikie akiniomba kwa mdomo wake, kama binti anavyoombwa. Ijumaa baada ya swala. Jumamosi anasafiri kwenda kutibiwa, na nikiwa sijaombwa, nitapelekwa mji mwingine kwa mkwewe. Huyo mkwe nimemwona, Mwalimu. Tafadhali."

Hakuna mtu mwingine aliyeweza kuifanya kazi hiyo. Kinubi, lugha iliyoletwa Kibera na askari wa Sudani waliokuwa mababu wa Bi Zamzam, ni ndugu wa mbali wa Kiarabu. Mzee wa Ghuba na mzee wa Silanga wangeweza kuelewana, kwa shida na kwa kicheko, bila mkalimani. Juma lile lote Bi Zamzam aliyafanyia maneno yake mazoezi. Nilipokwenda Jumatano kuijaribu mashine, nilimkuta akiyasema mbele ya kabati, akisimama, akianza tena, akibadilisha neno moja la heshima kwa lingine la heshima zaidi. Aliniambia atavaa gurbaba ya harusi yake. Alikuwa amefuma kitambaa kipya, kizito, cha nyuzi maradufu. Nilidhani ni cha meza.

Ijumaa hiyo nilikuwa darasani Kawangware nikiwasomea watoto imla. Simu ilitetemeka mkobani, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Nilitoka nje, nikasoma: "Mama hapatikani. Bibi ameketi, anangoja." Nikampigia Bi Zamzam.

"Mama, fungua kabati!"

"Nimefungua. Haina taa."

"Bonyeza."

"Nimebonyeza, mwanangu. Nimebonyeza tangu watu watoke msikitini. Haiwaki. Na nimeichaji tangu alfajiri, isije ikaniaibisha."

Hapo ningeweza kusema maneno mengine yoyote. Ningeweza kusema, toka nje, omba simu ya yeyote uani. Nilisema: "Usiiguse tena, mama, na usimruhusu mtu yeyote aiguse. Nakuja."

Niliwaacha watoto kwa mwalimu wa darasa jirani, nikapanda boda boda. Kutoka Kawangware hadi Silanga si mbali kwa ndege wa angani. Kwa mtu aliyebebwa nyuma ya pikipiki, akizuiwa na lori la mchanga, kisha na maandamano ya kanisa fulani, kisha akateremka kwa miguu kupitia Laini Saba kwa kuwa reli imefungwa na wachuuzi, ni mbali kama Ghuba yenyewe. Nilipofika uani hakuna aliyenitania. Fundi wa viatu aliinamisha kichwa. Mama Brayo alikuwa amesimama mlangoni pa sebule, ameshika simu yake iliyopasuka kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sahani ya moto.

"Mwalimu, Mariam amenitumia mesej," akasema harakaharaka. "Ati nimpelekee mama simu, aongee. Hapa nje kwa bustani inashika poa. Nimemwambia, nimempigia magoti karibu. Amekataa. Anasema umesema mtu asikaribie. Halafu anasema hawezi kuonyesha mkubwa wa mtoto wake uso kwa simu ya omena. Si kwa ubaya. Amenishukuru hata. Lakini amekataa."

Ndani, Bi Zamzam alikuwa ameketi wima juu ya kiti chenye nailoni, amevaa gurbaba ya rangi ya machungwa iliyotariziwa maua, wanja machoni, udi ukifuka miguuni. Alikuwa ameelekea kabati. Simu kubwa aliyoachiwa na Mariam ilikuwa mapajani, bado na plastiki yake ya kiwandani. Niliondoa tabaga. Niliondoa kitambaa kipya, kile kizito, kisha cha zamani kilichokuwa chini yake. Mashine ilikuwa ya moto kama mkate unaotoka tanurini, na tumbo lake lilikuwa limevimba hadi kifuniko kikafunguka chenyewe.

"Imefanya nini?" akauliza.

"Imeungua, mama. Kwa joto."

"Nani ameigusa?"

"Hakuna aliyeigusa," nikamjibu.

 Sijui kama alielewa, na katika miaka yote iliyofuata sikupata ujasiri wa kumuuliza. Niliichukua simu ya Mama Brayo, tukatoka wote watatu hadi kwenye bustani, Bi Zamzam akiinua gurbaba isiguse matope. Nikapiga. Haikujibiwa. Ulikuja ujumbe wa neno moja kutoka kwa Mariam: "Ameinuka."

Nimesoma vitabu vingi vya maadili tangu wakati huo, na nimeona kwamba vingi huutafuta ubaya ndani ya nia. Nia ya siku ile ilikuwa safi kama maji ya mtungi. Kila kitambaa kilikuwa cha upendo. Kufuli lilikuwa la upendo, na katazo langu pia, na zile saa zote za kuchaji bila kupumzika zilikuwa upendo wa mama asiyetaka kumwaibisha mwanawe mbele ya wageni. Ndiyo maana nasema mimbari haziukemei uchoyo huu: ukiukagua ndani hukuti chochote kibaya. Ubaya wake unaonekana nje tu, katika kile ambacho hakikufanyika. Mzee yule alisafiri Jumamosi kama alivyosema. Alidhani mama wa Mariam ni mtu anayepuuza miadi, na mtu wa namna hiyo hastahili kuharakishiwa mtoto. Mariam akapelekwa kwa mkwe.

Kwa miezi mingi hatukumsikia. Nililetea nyumba ile mashine nyingine, nikaiweka dirishani mwenyewe, na Bi Zamzam hakuihamisha. Ila haikuwa na wa kumpokea, kwa maana simu haikuja. Niliendelea kushuka Silanga kila Jumamosi. Hakuna tena aliyeuliza habari za Mgonjwa. Tulikula gurusa, yeye na mimi, na kupitia ukuta niliwasikia wapangaji wakinong'ona kwa adabu wanayopewa waliofiwa. "Mama hajalala tena jana." "Nilimpelekea chai, akasema amefunga." "Amefunga nini na Ramadhani bado?" 

Simu ilipokuja, mimi sikuwepo. Ilikuja siku ya kazi, sikukuu ya Kiislamu ilipokuwa imekaribia, na habari yake niliipata Jumamosi kutoka kwa fundi wa viatu, aliyenivuta mkono kabla sijavuka mlango wa ua. "Mwalimu, ungekuwa! Wee, ungekuwa! Huyo bibi mzee alikuja kutembelea mkwe wake, sawa? Mariam akaiba dakika, akapiga. Na hakupiga kwa ile mashine yenu ya dirisha, zi, alipiga straight kwa Mama Brayo. Mama Brayo alikuwa kule chini ananika omena. Akaacha hizo samaki na paka ziko hapo, akakimbia, na vile yeye ni mkubwa, akakimbia kama mtu ameona moto. Mama mwenye nyumba alikuwa bustani anakata mboga, na leso ya kulalia, miguu matope mpaka hapa. Mama Brayo hata hakuuliza. Akamwekea simu kwa uso. 'Mama, omba mtoto!' Na mama akaomba. Mwalimu, mimi Kinubi sijui, lakini hiyo siku nilielewa yote. Yule mzee wa kule akaanza kucheka, ati Kiarabu gani hii ya babu yangu?  Halafu akalia. Sisi wote tukalia, hata mimi, na mimi sijui nalilia nini."

Mariam alirudi kabla ya mwaka kuisha. Nilikuwa uani alipoingia. Bi Zamzam alimwita kutoka mlangoni, mara moja, mara mbili, kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia, na Mariam aliendelea kuelekea kwingine, akilitafuta jina lake kwa macho. Kofi lilikuwa moja tu, alinieleza baadaye, katika mwezi wake wa pili kwa yule mkwe, kwa sababu ya bakuli. Asingekuwa katika nyumba ile kama Ijumaa moja ya mwezi wa tatu ingekwenda kama ilivyopangwa. Hakuwahi kulisema hilo. Mimi ndiye ninayelisema, mara nyingi, nikiwa peke yangu njiani.

Sitadai kwamba Bi Zamzam alibadilika. Hadithi za watu kubadilika huwaridhisha wasomaji na kuwadanganya. Viti vilibaki na nailoni hadi mwisho. Aliishi na binti yake miaka mingi ya furaha iliyotulia, akizungumza upande wake wa kulia, na vikombe vilibaki kabatini. Watu hawaachi namna yao ya kupenda kwa sababu imewahi kuwaumiza. Nami sina haki ya kumcheka, maana ninacho kitabu kizima cha mambo mema niliyojiwekea kwa ajili ya siku inayostahili, na nywele zangu zimeanza kuwa nyeupe.

Dua ilipokwisha, siku ile ya arobaini, nilitoka uani kuwasalimu watu. Mama Brayo alikuwa jikoni pamoja na wanawake wa Kinubi, amejifunga leso kiunoni, anakoroga pilau kwa mwiko mrefu, anagombana nao kuhusu chumvi kama dada yao. Brayo mwenyewe sasa ni baba wa watoto. Nilimwambia Mama Brayo nataka kuandika habari za mwaka ule, na kwamba nimegundua, kwa aibu, kwamba miaka yote hii nimemwita kwa jina la mwanawe, na kabla ya hapo, moyoni, kwa jina la samaki wake. Nikamwomba jina lake.

"Leo ndio unaniuliza, Mwalimu?" Akacheka hadi mwiko ukasimama. "Na uandike majina yote mawili, usiniachie moja kwa kabati."

Peres Atieno.